Re: Kilo 5 kwa siku 7 kwa chai ya sanamaki, inawezekana?

Habari ndugu. Umeuliza kama ule ushauri wa kunywa chai ya sanamaki (majani ya kuharisha) na kuacha wanga ili kupungua kilo 5 kwa siku 7 ni wa kweli, maana aliyeuleta ameweka na picha za mizani.

Anza na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Kilo 5 ni 38,500, yaani 5,500 kila siku. Watu wazima wengi hutumia 2,000 hadi 2,500 kwa siku, kwa hiyo hata usipokula kabisa hufiki.

Picha zinaweza kuwa za kweli, ila kilichotoka kwa sehemu kubwa ni maji. Ukiacha ugali na wali, mwili unamaliza akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na kila gramu yake hushika karibu gramu 3 za maji. Ukirudia kula, uzito unarudi. Sanamaki nayo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unaharisha maji na potasiamu, ndiyo maana watu hulegea.

Kama una kisukari na unatumia insulini au glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari), usiguse mpango huu kabla ya kumwona daktari. Sukari inaweza kushuka ghafla.

Ushauri wa kujaribu ni ule unaotaja kiasi: mfano kupunguza vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kupikia, kalori 240 hivi. Jipime asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, ulinganishe wastani wa wiki kwa wiki 4.

Halafu muulize aliyeleta ushauri: hiyo chai ya sanamaki anaiuza yeye?