Barua kwa mwanangu: umeuliza Pilar alirudi kwa nini

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeipata, ile uliyoandika ukishamaliza kuangalia muvi ya Kihispania, Te doy mis ojos ya mwaka 2003, ukaniuliza mama huyu Pilar si alishatoroka usiku na mtoto, ana dada yake pale pale mjini Toledo, na kazi kapata, sasa anarudije kwa Antonio, mume anayempiga? Ukasema ulikasirika mpaka ukataka kuizima. Nami nimeiangalia mpaka mwisho ndo nakujibu.

Alirudi kwa sababu Antonio alikuwa anajitahidi kweli, hilo ndo gumu kulimeza. Hakuwa anaigiza. Anaenda kwenye kile kikundi cha wanaume wanaopiga wake zao, anaandika daftari lake, anakuja na zawadi, analia. Icíar Bollaín aliyeitengeneza angeweza kutuwekea jitu la kutisha tu tukalichukia tukalala, hakutaka, na Luis Tosar anayemuigiza Antonio kacheza mpaka unamuonea huruma, ukishamuonea huruma wewe uliyekaa kwenye kochi, huyo aliyezaa naye je? Halafu kuna yule mama yake Pilar, anamsukuma binti yake arudi kwa mumewe, na yeye mwenyewe alipigwa maisha yake yote akanyamaza. Huyo ameniuma kuliko wote, maana wa aina yake hata huku nawajua, wanakwambia ndoa ni kuvumilia wakati mgongo wao wenyewe una alama.

Sasa nataka uangalie kitu kimoja, hasira ya Antonio inapanda lini. Si mlevi yule, na njaa hakuna nyumbani kwake. Inapanda Pilar anapoanza kujua vitu. Alianza na kukata tiketi kanisani palipo na mchoro mkubwa wa El Greco, akapenda sanaa, akasomea kuongoza wageni, ikafika siku anasimama mbele za watu anaelezea mchoro wa Titian uso unamng'aa kabisa, na yule bwana badala ya kufurahi anahesabu macho ya wanaume wanaomtazama mkewe. Ikaja ile asubuhi ya Pilar kwenda Madrid kwenye intavyuu ya kazi, Antonio akachana kitabu cha mkewe cha michoro, akamvua nguo zote akamsukumia kwenye balkoni akafunga mlango, mtu mzima yuko uchi mbele ya mtaa, akajikojolea kwa woga. Mama yako hapo nilisimamisha video nikazunguka sebuleni kwanza.

Ukasema tena, basi si angeenda polisi. Ameenda! Askari anamuuliza umeumia wapi, na mwilini hana alama ya kuonyesha, anachoweza kusema ni kwamba Antonio kavunja kila kitu, akaondoka bila kesi. Usione ni mambo ya sinema. Hispania hiyo hiyo Desemba 1997 kulikuwa na mama anaitwa Ana Orantes, akajitokeza kwenye televisheni akaeleza alivyopigwa na mumewe miaka 40, na talaka alikuwa nayo mkononi lakini mahakama ilikuwa imewaacha wakae nyumba moja, yeye juu mwanaume chini, siku 13 baada ya kipindi kile yule mwanaume akamwagia petroli akamchoma moto. Nchi nzima ilitikisika, na bado sheria yao kamili ya kuwalinda wanawake na ukatili huu ilipita Desemba 2004, mwaka mmoja baada ya hii muvi kutoka na kubeba tuzo 7 za Goya, zile tuzo kubwa za sinema za Hispania. Kwa hiyo Pilar anapokaa mbele ya yule askari, sheria hiyo haipo bado.

Na mwisho uliosema haukukuridhisha, eti ulitaka Antonio afungwe. Mimi umenitosha. Pilar kaja kuchukua vitu vyake na wenzake wa kazini, hajaja peke yake, wako naye mle ndani anakusanya nguo, Antonio amesimama pale na mkono haunyanyuki. Hakupona ghafla, ni kwamba sasa kuna macho ya watu. Kisha wanashuka, Antonio anabaki dirishani.

Jumapili nipigie nikishatoka kanisani. Nataka tumuongelee yule mtoto Juan, maana meseji yote ile ndefu hujamtaja hata mara moja, na yeye ndo aliyekuwa anaona kila kitu.

Mama yako