Yuan niliyoandikiwa kwa kidole

Wiki hii mmeuliza: ni methali gani ya ugenini iliyokukaa moyoni, na wewe unaielewaje? Yangu ni ya Wachina: “Yǒu yuán qiān lǐ lái xiāng huì, wú yuán duì miàn bù xiāng féng.” Kwa Kiswahili changu: mkiwa na yuan, mtatoka umbali wa li elfu moja mkutane, msipokuwa nayo, hata mkitazamana hamkutani. Li moja siku hizi ni nusu kilomita. Na yuan hii si ile ya pesa, huandikwa kwa herufi nyingine kabisa.

Nilifundishwa na mama mmoja ndani ya treni ya usiku, nikitoka Guangzhou kurudi Wuhan nilikokuwa nasoma. Vitanda vyetu vilitazamana. Alimenya chenza, akanipa nusu bila kuniuliza kama nataka, kisha akachovya kidole kwenye chai na kuiandika herufi ya yuan juu ya kimeza. Hii alama ya kushoto, akaniambia, ni uzi wa hariri. Kabla maji hayajakauka akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Tanga, Tanzania, ng'ambo ya bahari. Akapiga makofi: hizo ni zaidi ya li elfu!

Wengi huitafsiri yuan kuwa “majaaliwa”, wakaiachia methali wachumba. Mimi naona wanaipunguza. Dini ya Kibudha ndiyo iliyolipa neno hili uzito wake, na humo lina maana ya yale yanayowezesha jambo litokee: mbegu ni sababu, mvua na udongo ni yuan. Kisha wapo wenye yuan wasio na fen, yaani fungu. Walikutana, wakapendana, kuishi pamoja hawakujaliwa.

Kinachonigusa zaidi ni nusu ya pili. Sisi husema milima haikutani, binadamu hukutana, na tunafarijiana hivyo tunapoagana. Mchina anakwambia binadamu nao huweza wasikutane, wakiwa uso kwa uso. Katika riwaya yao ya kale, Shuihu Zhuan, mtu mmoja anagoma kuhama meza kwenye mgahawa wa njiani, anaapa kwamba duniani kote anawaheshimu watu wawili tu, mmoja wao Song Jiang, shujaa mkuu wa riwaya hiyo, ambaye hajawahi kumwona. Song Jiang mwenyewe yumo humo humo, anamsikiliza! Akamshika, akaitaja methali hii hii, ndipo akajitambulisha.

Yule mama naye alikuwa na yake. Kwa miaka 11 aliishi mlango kwa mlango na mama mwenzake, salamu yao kutikisa kichwa tu. Mumewe alipofariki, jirani alikuja na chungu cha supu, akampa pole kwa lafudhi ya kijijini kwao, Hunan. Kumbe utotoni walichota maji kisima kimoja.

“Miaka kumi na mmoja,” alirudia, akiyafunga maganda ya chenza kwenye karatasi.

Alfajiri alishuka Changsha. Nilimshushia mzigo, tukaagana, namba hatukupeana. Nilipofika hosteli, hata begi sijaliweka chini, nilibisha hodi mlango unaotazamana na wangu. Nilikuwa nimekaa pale miezi minane bila kujua ni nani analala humo.