Vituo viwili, wageni wanane: kwa anayeanza kuongoza ziara fupi Kisumu

Anayeanza kazi hii huharibu kwa kuzidisha. Mgeni ana saa sita mkononi, naye anampangia mashua katika ufuo wa Dunga, swala wa hifadhi ya Impala, makumbusho, miamba ya Kit Mikayi, soko la Kibuye na samaki wa mchana. Kila kituo kinapata dakika 20, na nusu ya hizo huishia kwenye kushuka garini, kutafuta choo na kupanda tena. Jioni mgeni akiulizwa aliona nini, ataeleza barabara. Vituo viwili vinatosha: kimoja cha Ziwa Victoria na viumbe wake, kingine cha watu na maisha yao.

Abiria wa meli za utalii zinazotia nanga Mombasa wanaijua vyema shida ya muda: meli ina saa yake ya kung'oa nanga na haimngoji aliyechelewa. Kisumu hatupokei meli za namna hiyo, lakini mgeni anayerudi Nairobi kwa ndege ya saa nane mchana yuko katika hali ile ile. Kwa hiyo hesabu huanzia mwisho. Saa sita na nusu awe uwanjani. Safari ya kutoka mjini ipe nusu saa, kisha ongeza nusu saa ya akiba. Akiba hiyo usiiguse hata siku ikienda vizuri, kwa maana siku ikienda vibaya haikuarifu mapema. Basi kituo cha pili, makumbusho, kinaisha saa tano na nusu. Ukikipa saa moja na robo, kinaanza saa nne na robo. Kutoka Dunga hadi hapo weka nusu saa, kwa hiyo chakula Dunga kiishe saa nne kasoro robo. Mashua iondoke saa moja kasoro robo asubuhi, jua linapochomoza, na gari liwe mlangoni pa hoteli saa kumi na mbili na robo.

Ratiba hii haina nafasi ya Kit Mikayi, na usijaribu kuibana humo. Miamba hiyo iko kilomita 29 hivi magharibi ya mji, kwenye barabara ya Bondo, na Dunga iko upande wa pili kabisa, kusini. Kuvuka mji mara moja ndiko kunakomeza saa yako. Mgeni wa ndege ya jioni ndiye wa Kit Mikayi, tena iwe kituo cha mwisho, kwa sababu ukirudi kupitia Kisian uwanja wa ndege unaufikia kabla hujaingia mjini.

Jambo dogo linalozaa balaa kubwa ni saa zenyewe. Ukimwandikia mgeni kwa Kiingereza na nahodha kwa Kiswahili, "mbili" yako ina maana mbili, na mmoja wao atakuja saa sita baada ya mwenzake. Ujumbe wote uandike kwa tarakimu za saa 24: 06:15, 06:45. Nahodha mpigie umtamkie pia, "saa moja kasoro robo, asubuhi", na umsikie akirudia.

Wageni ni 8, wala usikubali wa tisa hata akiwa shemeji wa mwenye hoteli. Sababu ni sauti. Juu ya mngurumo wa injini, mtu aliyeketi katikati ya mashua husikika mpaka watu wanne mbele yake na wanne nyuma. Wakizidi hapo unaanza kupiga kelele, ndege wanaruka, na mazungumzo yanageuka hotuba. Kwa mwenyeji vilevile: mama anayekaanga samaki anaweza kuulizwa maswali na watu wanane; wakiwa kumi na tano anakuwa maonyesho.

Sasa mashua, ambako ndiko kuna mengi ya kwenda kombo.

Alasiri usiende ziwani na wageni ukiweza kuepuka. Asubuhi maji huwa yametulia. Kuanzia mchana upepo hugeuka, unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, mawimbi yanainuka katika Ghuba la Winam, na mara nyingi radi na mvua hufuata. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huzidisha hali hiyo.

Gugumaji husukumwa na upepo kama blanketi. Ufuo uliouona mweupe jana jioni unaweza kuamka umefungwa. Kwa hiyo simu ya usiku haitoshi: mpigie nahodha saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa amesimama ufuoni, umuulize anaona nini. Magugu yakiwa mepesi, mashua hupita polepole, na panga liwemo ndani. Mashina yakishika rafadha, injini hubadilisha sauti kabla ya kuzima. Hapo izimwe, iinuliwe na isafishwe kwa mkono. Anayeongeza mafuta ili kujikwamua huvunja pini au huunguza injini, kisha mnabaki katikati ya magugu mnangoja kuvutwa. Yakiwa mazito, ghairi. Mpango wa akiba ni hifadhi ya Impala ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), iliyotengwa mwaka 1992 kuwalinda swala pala waliosalia kando ya mji. Ni ndogo, kilomita za mraba 0.34 tu, kwa hiyo saa moja na nusu inaimaliza kwa miguu. Mwonyeshe mgeni nzohe na kwato zake ndefu zinazotanuka, apate kuelewa mnyama huyu anavyotembea juu ya tope na mafunjo bila kuzama. Langoni hawapokei pesa taslimu. Malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, na kiwango hutegemea uraia na makazi ya mgeni, basi orodha ya uraia wao uwe nayo tangu jana yake.

Kabla ya kupanda, hesabu laifujaketi mwenyewe, moja moja, na uvute kila mkanda. Kila mtu aivae tangu ufuoni, wewe na nahodha mkiwa wa kwanza, kwani mgeni hufuata anachoona. Tangi lipime kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja isiguswe. Wageni wengi wa ziara hizi ni wazee. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafunika sehemu kubwa ya fuo, na kimo cha maji hubadilika, kwa hiyo usidhani hatua ya kuingia mashuani ni ile ya mwezi uliopita. Beba kigoda imara, na mtu wa pili amshike mgeni kiwiko, asimvute kiganja. Asikanyage maji ya ukingoni peku, maana konokono wa kichocho hukaa hapo kwenye kina kifupi na majani.

Pembeni mwa mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, zima injini na mkae kimya dakika 10. Wanaoanza hushindwa hapa, wanaona kimya ni uzembe wakajaza maneno. Ndani ya mafunjo hayo yumo gonoleki wa mafunjo, ndege ambaye wapenda ndege huvuka bahari kwa ajili yake, kwa kuwa haishi popote isipokuwa kwenye mafunjo ya ukanda huu. Humsikii akiimba peke yake: dume huita, jike hudakia papo hapo, hata ukadhani ni mlio mmoja. Ukishausikia, waelekeze wageni watazame nusu ya juu ya mashina, si vichwani. Kwanza wataona wekundu wa kifua ukipita nyuma ya kijani, kisha utosi wa manjano. Usimpigie sauti yake kutoka kwa simu ili atoke. Atatoka kweli, akidhani mwenzake amevamia makao yake, na atatumia asubuhi yake kupigana na simu badala ya kulisha makinda.

Furukombe ni rahisi zaidi. Manahodha huingiza kipande cha shina la funjo ndani ya samaki mdogo ili aelee, hupiga mluzi na kumrusha. Samaki mmoja anatosha, wawili ni mwisho. Waambie wageni wautazame mti, wasitazame samaki, na wainue kamera pale tai anapoacha tawi, kwa maana kati ya hapo na kucha kugusa maji ni sekunde chache. Mwangaza uwe mgongoni kwao. Mwombe nahodha ageuze mashua kabla ya kurusha.

Kwa kiboko, injini isizimwe, ingurume taratibu. Mita 50 ndiyo karibu kabisa, na msikae kamwe kati yake na kina cha maji, kwa sababu akishtuka hukimbilia huko. Akipanua kinywa wageni hucheka wakidhani anapiga miayo. Waeleze kwamba ni onyo, na ondokeni. Akizama asionekane, msingoje kujua ataibukia wapi.

Samaki waagizwe kabla ya mashua kuondoka, mwambie mama idadi na saa. Ngege wa kukaanga kwa watu wanane na ugali wake si kazi ya dakika kumi, na akianza mtakapofika, kituo cha pili kimekufa. Maji ya kunawa na sabuni yaje kwanza, uma ziwepo kwa asiyeweza mkono, na aonyeshwe mwiba wa mgongo ulipo. Usiwaahidi kuona omena (dagaa) zikianikwa kati ya Aprili na Julai, kwani uvuvi wake hufungwa kipindi hicho. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020. Beba mtungi wa lita 20 na vikombe.

Mpigaji nyatiti, kinubi cha Wajaluo, akiwepo wakati wa kula, angalia wageni wanakaa wapi. Wakiwa nyuma ya meza wataona kichwa tu na kusikia muziki wa nyuzi. Wasogeze, viti vifupi, mita mbili au tatu. Hapo wataona nyuzi 8, halafu watashuka na macho hadi mguuni: pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba, inagonga mti wa chombo, na njuga za gara zinatikisika kifundoni. Mtu mmoja anapiga uzi, ngoma na njuga, na bado anaimba. Usizungumze wimbo ukiendelea. Ukiisha ndipo umwombe mwenyewe aeleze amemsifu nani.

Kituo cha watu kwa ratiba ya asubuhi ni Makumbusho ya Kisumu, na humo usizunguke kila kabati. Nenda kwenye boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Wasimamishe wageni langoni, waone nyumba inayowatazama: hiyo ni ya mikayi, mke wa kwanza. Kisha wapeleke mlangoni pake, wageuke waangalie lango: kulia ni kwa nyachira, wa pili, kushoto kwa reru, wa tatu, na simba, yaani nyumba ya mwana wa kiume, iko chini karibu na lango. Ukilieleza kwa maneno husahaulika. Wakisimama mahali pake, wanaweza kukuchorea. Kit Mikayi nako ni hivyo hivyo, maana jina lenyewe ni jiwe la mke wa kwanza, na miamba yake husomwa kama nyumba za boma. Huko ukikuta waumini wa Legio Maria wakiomba, kamera zishuke, sauti zishuke, na umuulize mlinzi wa mahali kama mnaweza kupita. Asiyeweza kupanda azunguke chini. Kupanda si sharti la kuona.

Mzee akizungumza Kidholuo, makosa ni yetu sisi wakalimani. Yeye anasema sentensi sita, wewe unatoa moja, kisha unaongeza kumi za kwako. Patana naye kabla: sentensi mbili au tatu, kituo, tafsiri, endelea. Mwite jaduong', yaani mzee, mbele ya wageni, nao watajua ni mtu wa heshima. Wafundishe garini maneno mawili tu, oyawore ya asubuhi na erokamano ya shukrani. Maswali ya wake wengi na kurithi wajane yatakuja, kwa hiyo muulize mwenyeji faraghani, siku iliyotangulia, yapi yuko tayari kujibu. Yale asiyotaka, yajibu wewe kwa ufupi au uyazuie. Wala usimvishe mtu ngozi ambayo haivai. Mvuvi wa Dunga ana simu na jezi ya Gor Mahia, na mgeni anastahili kumwona alivyo.

Peremende kwa watoto, hapana. Picha ya mtu, aombwe kwanza. Bakshishi iingie kwenye kisanduku kimoja cha kikundi, kwani ikipita mkono kwa mkono anayesimama mbele hupata yote na aliyeparua samaki hapati kitu.

Malipo ya wenyeji yawe kwa kundi, si kwa kichwa, na kiasi kikubaliwe siku zilizopita, hata wageni wakija watano. Lipa kwa M-Pesa kwenye namba ya kikundi, mhazini akiwepo, msomeane ujumbe kwa sauti. Fanya hivyo kabla gari halijawashwa, muulize nahodha na mama wa samaki ni kipi kimewasumbua leo, uandike, na uwaachie tarehe ya kundi lijalo.