Barafu inayoelea na maji ya bamvua Tanga

SWALI: Barafu ya Aktiki inaelea, na barafu ikiyeyuka kwenye glasi maji hayapandi. Hata yakipanda milimita chache kwa mwaka, hapa kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda zaidi ya mita 3 na tunaishi nalo. Si tunatishwa bure?
Msomaji, Raskazone

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu glasi umesema kweli. Barafu inayoelea ikiyeyuka hujaza nafasi ileile iliyokuwa imeishika majini. Tatizo ni kwamba si barafu yote ya kaskazini inaelea.

Chukua mabakuli mawili ya maji. La kwanza, tia vipande vya barafu vielee. La pili, weka jiwe linalochomoza juu ya maji na barafu uiweke juu ya jiwe. Maji yakitulia tia alama, kisha ngoja barafu iyeyuke: la kwanza maji yatabaki kwenye alama, la pili yatapanda. Usijaze barafu mpaka igote chini ya bakuli la kwanza, maana hapo nalo litapanda na jaribio litakudanganya.

Jiwe ndilo Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini kilichofunikwa na barafu. Barafu yake yote ikiyeyuka, bahari itapanda takriban mita 7, ingawa hilo ni la karne nyingi na silitumii kukutisha. La sasa ni hili: tani bilioni 360 za barafu ya nchi kavu hupandisha bahari milimita 1, na tangu 2002 Greenland imepoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi kila mwaka. Tena rundo lile la barafu, kwa nguvu ya uvutano wake, huvuta bahari kuelekea kwake. Likipungua, maji ya jirani yake hushuka, na pwani za mbali kama yetu hupata zaidi ya wastani.

Ukijumlisha vyanzo vyote, pamoja na maji yanayotanuka kwa joto, bahari ya dunia hupanda karibu milimita 4 kwa mwaka. Nyongeza hiyo haishindani na bamvua, hulipanda mgongoni. Miaka 25 ni sentimita 10. Ufuko ukiinama mita 1 kwa kila mita 50, maji yamesogea mita 5 ndani.

Ukitaka kujenga, usipime siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu. Ngoja bamvua kubwa la Machi au Septemba, upime kutoka mstari wa mwani na takataka. Ufuko ukiwa unalika kwa kasi, angalia kwanza waliokata mikoko na wanaochimba mchanga. Greenland peke yake haili mita kadhaa kwa msimu mmoja.