Picha ya nani? Majibu ya maswali yenu kuhusu rangi

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu nusu zinauliza jambo moja. Nalijibu mara moja kwa wote. Mkileta tena mwezi ujao, nitajifanya sikuona.

Rangi nyekundu ina maana gani katika sanaa ya Kiafrika? Na njano? Na kijani? Naomba orodha. (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Orodha sina, na ukimwona aliye nayo ujue anakuuzia. Nyekundu ya nani, iko kwenye kitu gani? Nyekundu ya kisutu, inapokaa na nyeusi na nyeupe yake, mtu wa pwani akiiona anajua kuna harusi. Nyekundu hiyohiyo ukiivaa Dar siku ya watani wa jadi, wewe ni Simba, na ukikaa upande usio wako utajuta. Kwenye bendera ya Kenya ni damu ya waliopigania uhuru. Nimekutajia tatu, na sijatoka nje ya Afrika Mashariki.

Lugha yako mwenyewe ingekufundisha haya kama ungeisikiliza. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyobeba viambishi: -eupe, -eusi, -ekundu. Zilizobaki karibu zote tumezitoa kwenye vitu. Manjano imetoka jikoni, kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu, zambarau kwenye tunda, kahawia kwenye kahawa, samawati kwenye mbingu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukaulize rangi ya damu ya mzee, muuzaji atakupa kopo bila kushangaa. Kwetu rangi ni ya kitu fulani. Basi uliza kitu kwanza, na aliyekitengeneza, halafu ndiyo uniulize rangi.

Mwanangu wa darasa la tatu amechora tembo wa zambarau. Mwalimu kampa sifuri. Nifanye nini? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

Mpeleke mwalimu Oysterbay, Dar es Salaam, kwenye picha za Tingatinga, akawahesabu tembo wa kijivu. Mtoto mnunulie rangi nyingine.

Shikamoo. Hizi picha za Tingatinga ni sanaa kweli, au ni bidhaa ya watalii tu? (Kijana, Mbeya)

Marahaba. Umeuliza kama watu wengi wanavyouliza, umesema "hizi picha" kana kwamba zimeota kama uyoga. Tingatinga ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama wewe na mimi. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwenye vipande vya ubao wa dari, kwa rangi ya mafuta ya makopo, ileile inayopakwa kwenye milango na baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu anayekimbia. Hesabu mwenyewe: miaka minne tu. Ndani ya miaka hiyo aliwafundisha jamaa zake, nao wakaendeleza, na mwaka 1990 wakawa na ushirika uliosajiliwa kwa jina lake.

Sasa rangi zake. Nilichora mabango ya maduka kwa miaka mingi, kwa hiyo hapa naongea kama fundi. Rangi ya kopo haikubembelezi. Ukiweka ya pili kabla ya kwanza kukauka, zinachafuana. Ndiyo maana mchoraji wa Tingatinga anapaka usuli mzima, anasubiri, anaweka mnyama, anasubiri, kisha anakuja na madoa na mistari. Ule mng'ao na ile mipaka mikali kati ya rangi na rangi imetokana na kopo na subira. Watu wanaita "uchoraji wa kitoto". Mtoto gani ana subira hiyo?

Watalii wananunua, ndiyo. Ilikuwa hivyo tangu Tingatinga mwenyewe alipokuwa akiwauzia wazungu wa Oysterbay. Kuuza hakuui sanaa. Kinachoiua ni wewe kununua picha ya kumi na mbili ya tembo wanne mbele ya Kilimanjaro kwa sababu inalingana na makochi, wakati mchoraji aliyekaa palepale ana picha aliyoibuni mwenyewe imeegemezwa ukutani, hujaitazama. Igeuze picha. Tafuta jina. Marehemu alikuwa anaandika E.S. Tingatinga kwenye kazi zake, wala hakuona haya.

Nataka kupaka sebule rangi za Kiafrika. Nichague zipi? (Dar es Salaam)

Zozote. Sebule iko Afrika tayari.

Nimesoma kwamba kitenge asili yake ni Uholanzi. Je, tumedanganywa? Msanii anayetumia kitenge kueleza Uafrika anajua anachofanya? (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

Mwalimu, hujadanganywa, umechelewa kuambiwa. Ufundi wa kuchora kwa nta tunaupata Java. Waholanzi wakauiga kwa mashine, na kiwanda cha Vlisco kiko Helmond tangu 1846. Soko la kweli wakalipata Afrika Magharibi. Yinka Shonibare, Mnigeria wa London, amejenga jina juu ya utata huo. Anainunua nguo hiyo London, anaishona magauni ya enzi za Malkia Victoria, anayavisha masanamu. Anajua sana anachofanya.

Na kanga unayoipenda je? Masimulizi ya pwani yanasema wanawake walikuwa wakinunua leso za Kireno na kuziunga sita sita, mpaka wafanyabiashara wakaanza kuleta doti zilizochapwa tayari. Zimechapwa Ulaya, zimechapwa India, zimechapwa Japani. Bado ni yetu. Kilichoifanya yetu ni yule aliyeamua rangi gani ivaliwe kwa mama mkwe na ipi itundikwe kwenye kamba jirani aisome. Zanzibar, utumwa ulipofutwa mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamefungiwa kaniki na merikani, nguo zisizo na nakshi, waliziacha, wakajifunga kanga za rangi. Aliyekuwa mtumwa jana, leo anatoka na nguo aliyoichagua mwenyewe. Ukitaka kujua rangi na utambulisho vinakutana wapi, anzia hapo, Helmond utafika baadaye.

Na jambo moja ambalo hukuniuliza. Kanga ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina maandishi. Maandishi hayo tunayaita jina. Kanga isiyo na jina ni pazia.

Kuna dada wa Kenya anapiga picha mwanamke akiwa amevaa kitambaa kilekile kilicho nyuma yake, na miwani ya ajabu. Mimi naona fasheni tu. Sanaa iko wapi? (Arusha)

Dada huyo ana jina: Thandiwe Muriu, mzaliwa wa 1990, alijifunza kamera mwenyewe. Mfululizo wa picha zake unaitwa Camo, yaani kujificha kama askari porini. Uliona kitambaa na mavazi, lakini nadhani hukuona kinachotokea. Nguo na ukuta vinapolingana, mwili unapotea. Uso, nywele na mikono ndivyo vinavyobaki. Ni swali kuhusu mwanamke anayemezwa na mila inayompamba, na amelisema kwa rangi za kelele, kwa sababu mtu anaweza kufichwa na mwangaza kama anavyofichwa na giza. Muulize bi harusi yeyote aliyekaa jukwaani saa sita amepambwa, hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Ile miwani imetengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani, na misuko ya nywele imetokana na mitindo ya zamani. Kila picha ameiambatanisha na methali ya Kiafrika. Sasa niambie: kitambaa cha rangi, mwanamke, na methali chini yake. Huoni kwamba ni kanga ile? Bibi yako angeielewa kabla yako.

Sungi Mlengeya anaacha nusu ya turubai nyeupe. Rangi zilimwishia? (Mwanza)

Utani wako nimeupokea. Sungi ni Mtanzania, aliacha kazi ya benki akashika brashi. Wanawake wake wana ngozi za kahawia iliyokolea, na nguo nyeupe pe zinazoyeyuka kwenye usuli mweupe. Kwa hiyo jicho halina pa kwenda ila kwenye ngozi. Tumezoea matangazo ya krimu yakituambia ngozi hiyo ni tatizo la kurekebishwa. Yeye ameifanya ndiyo rangi pekee chumbani. Na wewe uliyekuja kuhesabu makopo, hizo krimu ziache, nyingine zina zebaki.

Wasanii wetu wanachora watu wanacheza na kucheka huku maisha ni magumu. Hii sanaa ya furaha si kujidanganya? (Msomaji wa siku nyingi, Lindi)

Umeandika kutoka Lindi, kwa hiyo nitakujibu kwa mtu wa kusini.

George Lilanga alikuwa Mmakonde. Wamakonde tunawajua kwa mpingo, nyeusi tii, iliyosuguliwa ikang'aa. Lilanga alipofika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, mashetani wanaochongwa na Wamakonde akawatoa kwenye weusi. Akachonga mti mwepesi akaupaka rangi, akachora kwenye ubao na kwenye ngozi ya mbuzi, waridi kando ya kijani kando ya buluu, hakuna nafasi iliyobaki tupu. Mashetani wake wana masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha, wanacheza ngoma, wanasengenya, wanapanga foleni, wanabebana. Ni sisi kabisa. Kisukari kikamla, miguu yote ikakatwa. Akaendelea kuchora viumbe wanaoruka na kucheza mpaka alipofariki mwaka 2005.

Sasa mwambie Lilanga kwamba alikuwa anajidanganya. Msiba wa kwetu una mtani anayemwigiza marehemu mpaka waliofiwa wanacheka kwa machozi. Yupo mtu anayedhani mtani hajui kuna maiti ndani?

Furaha ya uongo ipo, sikatai. Iko kwenye bango la kampuni, familia ya watu wanne yenye meno mengi imeshika simu. Iko pia kwenye oda. Zamani mnunuzi wa nje alitaka Mwafrika mwenye huzuni, nzi usoni. Siku hizi anataka Mwafrika mwenye miwani ya njano anacheka. Msanii kijana, oda zote mbili ni oda. Ukiipokea, ipokee ukijua ni kodi ya nyumba unalipa.

Niaje mzee. Nganya zetu za Nairobi, matatu zilizochorwa, ni sanaa ama ni kelele? (Umoja, Nairobi)

Ni sanaa yenye kelele. Mwaka 2004 sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa usafiri, ziliwaletea mstari mmoja wa manjano, matatu zote zikawa kama ndugu wa baba mmoja. Baadaye michoro ikarudi. Jiulize mwenyewe kwa nini abiria wa Nairobi huiacha gari tupu ipite angojee ile yenye michoro. Ila na ninyi: mnajua jina la nganya, mnajua jina la dereva na la makanga, mchoraji mnamtaja saa ngapi?

Mchoraji Lubaina Himid ni wetu au wa Waingereza? (Unguja)

Swali la kugombea mtoto aliyekwisha kulelewa. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake Mkomoro akafariki yeye akiwa mchanga, mama yake Mwingereza, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye kwao. Mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, akiwa na miaka 63. Wameshamchagua kuiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice ya 2026. Lakini tazama anachora nini: kanga. Pindo, mji, na jina chini. Mwaka 2004 alitengeneza watu mia wa mbao, warefu kama binadamu, waliopakwa rangi za kumeremeta, watumwa na watumishi wa Kiafrika wa majumba ya Ulaya, na kila mmoja akampa jina lake la asili na jina alilobandikwa na bwana wake. Wenye vyeti vya kuzaliwa Unguja tunao wengi. Ni wangapi wameifanyia kanga kazi hiyo?

Nimetengeneza picha za mtindo wa Tingatinga kwa akili mnemba kwenye simu. Naweza kuzichapisha kwenye fulana niuze? Nitaandika nini mahali pa jina la mchoraji? (Kijana mjasiriamali, Kigamboni)

Swali lako la pili limejibu la kwanza. Kutoka kwako kuvuka kivuko mpaka kwa wachoraji si safari ndefu. Nenda, mkubaliane mgao, mwandikiane karatasi. Na usitumie wino wa bei ya chee, fulana itafuliwa mara mbili tembo atageuka kuwa doa.

Picha yangu ya Tingatinga, niliyorithi kwa baba, imeshika vumbi na moshi wa jikoni. Niisafishe na nini? (Mtwara)

Kwanza itoe jikoni. Tumia kitambaa laini cha pamba, kiloweshe maji kidogo na ukikamue sana, pitisha taratibu bila kukandamiza, kisha kausha na kingine. Petroli, spiriti na sabuni ya unga usiguse. Kama rangi imeanza kubanduka, acha hata hicho kitambaa, mwite anayejua. Ubao wa dari ukinywa maji unavimba, kwa hiyo nyuma usiloweshe kabisa. Pale kwenye kona ya chini, penye maandishi, usisugue. Nitumie picha ya hayo maandishi, nataka kujua baba yako alinunua kwa nani.