Mkuu, mwambie huyo fundi aache tamosteti ilipo

Funga boneti kwanza. Kama fundi ameshashika spana mnyang'anye, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba Hilux yako yenye injini ya dizeli ya 1KZ ikiwa tupu haina tatizo, ila ukifunga tela la saruji ukapanda Kimara na foleni yake inachemsha, na fundi amekwambia "tunatoa tamosteti, hii ni Dar, siyo Ulaya". Hiyo kauli ya Dar siyo Ulaya naijua. Niliambiwa hivyohivyo chini ya mti wa mkungu, na fundi mmoja aliyekuwa anajifuta grisi kwenye siti yangu. Alikuwa anajiamini kuliko daktari wa Muhimbili.

Sikiliza. Tamosteti ni vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini kulingana na joto, siyo kizibo cha kuzuia maji yasipite, kwamba ukikitoa maji yatakimbia vizuri zaidi. Ile ya gari yangu ukiishika mkononi unaona ina sahani mbili. Ya juu ndiyo mlango wa kwenda kwenye rejeta, pale mbele maji yanapopozwa. Ya chini ni ndogo, ina springi yake, na hiyo ndiyo mafundi wengi hata hawaitazami. Katikati kuna nta. Maji yakifika nyuzi 82 hivi (namba imegongwa kwenye bati lenyewe, nyingine ni 88), nta inatanuka na kusukuma pini, mlango wa juu unafunguka, na papo hapo ile sahani ya chini inaenda kuziba njia ya mkato, yaani ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Sasa toa vyote utupe. Njia ya mkato itazibwa na nani? Fundi ataweka kidole? Maji ya moto yanabaki kuzunguka mlemle ndani, rejeta inapata yaliyosalia.

Na ubaya wake ni kwamba ukiwa tupu hutajua. Injini haizalishi joto kubwa, mshale wa joto unakaa chini kuliko zamani, unaona umepona. Mimi yangu ilipotolewa nilimwongezea yule fundi hela ya soda. Wiki nzima Tegeta hadi Posta, gari baridi, nikawa nawashauri na wenzangu. Mungu anisamehe.

Kisha nikafunga jenereta la kukodisha kwenye tela, safari ya Morogoro, jua la saa nane. Tulipoipita Chalinze mshale ukaanza kupanda. Nikazima AC, nikapunguza mwendo. Ukafika karibu kabisa na mstari mwekundu, halafu ukashuka. Ukashuka, mkuu! Nikamwambia kijana wangu, "Unaona? Imejirekebisha," nikawasha AC tena. Kumbe ile sensa ya mshale inapima joto ikiwa imezama ndani ya maji, na maji yalishamwagika barabarani huko nyuma. Ilikuwa inaning'inia kwenye mvuke. Mshale ukipanda na mzigo mlimani halafu ukaanguka ghafla bila sababu, simama hapohapo, hata kama nyuma yako kuna basi linapiga honi. Mimi niliendelea mpaka injini ikakosa nguvu na moshi mweupe ukajaa nyuma.

1KZ ina hedi (kile kichwa cha injini chenye vali) ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Ikipata joto la namna ile inapinda, inaunguza gasketi iliyo kati yake na bloku, na mara nyingi inapasuka kati ya vali. Yangu ilifanya vyote. Hela ya hedi, gasketi, kusawazisha na kuvutwa na breakdown mpaka Dar, ningekuwa nimeshamwaga msingi Chanika. Fundi nilipomfuata alisema nini? "Hedi za hizi injini ndivyo zilivyo, bosi." Kweli zina sifa ya kupasuka, muulize yeyote anayeuza spea Kariakoo. Sasa kama unajua zinapasuka, ulitoa tamosteti ya nini?

Chanzo chenyewe? Feni. Klachi ya feni, ile inayoifanya izungushwe na injini, ilikuwa imekufa, bei yake ukilinganisha na hedi ni vocha. Na dalili zako zinaelekeza hukohuko: mwendo mdogo, mzigo mzito, mlima. Hapo hakuna upepo wa barabarani wa kupoza rejeta, kila kitu kinategemea feni ivute. Ndani ya klachi kuna mafuta mazito ya silikoni. Yakivuja, feni inazunguka kwa uvivu huku injini inahangaika. Ingekuwa inachemsha kwenye mwendo mkubwa, ningekwambia anza na rejeta iliyoziba au pampu ya maji.

Kwa hiyo hakuna kutoa kitu, hakuna kununua kitu, mpaka kipimwe. Hata tamosteti inapimwa: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, weka kipimajoto, angalia inafunguka nyuzi ngapi. Isipofunguka, nunua mpya ya namba hiyohiyo. Sufuria nayo nunua yako. Nyumbani kwangu kesi hiyo bado ipo mezani.

Mengine harakaharaka. Mulika tochi kati ya rejeta na ile ya AC, mavumbi ya Kibaha yanajaa pale. Kagua mpira wa mfuniko wa rejeta: mfuniko ulioandikwa 0.9 (ni kipimo cha presha) ukiwa mzima maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 119, mpira ukikatika yanachemka kwenye 100. Acha maji ya kisima, visima vingi vya huku kwetu ni chumvi tupu, weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Asubuhi kabla hujawasha, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiukuta mgumu wakati injini imelala usiku kucha, gasketi imeshaanza kupitisha presha ya injini kwenye maji, usifunge tela tena.

Feni ipime leo jioni ukitoka mjini. Injini ikiwa ya moto, zima, toa ufunguo, isukume kwa mkono. Ikikaza ni nzima. Ikiendelea kuzunguka yenyewe kama pangaboi la baa umeme umekatika, umempata mchawi. Uje na majibu hapa, na huyo fundi wako mlete, nina maswali yangu kwake.