Bibi fundi au kijana msomi: nani aongoze chuo cha ususi?

Dada, umeuliza kama kamati imkabidhi chuo chenu cha ususi wa mikeka bibi fundi asiyejua mahesabu, au kijana msomi asiyejua kusuka. Wapeni wote wawili, ila kwenye mafunzo neno la mwisho liwe la bibi. Yeye ndiye anayepitisha kidole pembeni mwa ukili wa mwanafunzi, ule ukanda uliosukwa, na kujua papo hapo kwamba chane, yaani vipande vyembamba vya majani ya mkindu, hazikulingana upana, mkeka utapinda ukishonwa. Kijana ashike fedha, barua na ununuzi wa ukindu na rangi, na kila mwezi awasomee wasusi wote mapato na matumizi.

Msiogope uongozi wa watu wawili. Shule ya ufundi ya John C. Campbell, kijijini Brasstown, North Carolina, Marekani, ilianzishwa mwaka 1925 na wanawake wawili, Olive Dame Campbell na Marguerite Butler, wakisaidiwa na wanakijiji wenyewe.

Na bibi alipwe, tafadhali! Nimeona fundi akiambiwa anajitolea huku katibu anapokea posho, inauma sana. Tena mwanafunzi wake hodari akae naye kila anapochemsha rangi, maana vipimo vyote viko kichwani mwa bibi.